Kengele ya Baba Mkwe

Watu wa rika langu hapa Nkunga bado wananiita Mzee Kengele, na vijana nao wameliokota jina hilo bila kujua limetoka wapi. Wengine wanadhani niliwahi kuwa mpiga kengele wa kanisa. Sijawahi. Jina langu ni Ambindwile, nilikuwa nyapara wa mashamba ya chai, mtu wa sauti kubwa na hasira za karibu, na kengele niliyotembea nayo ilikuwa ya ng'ombe. Nilitembea nayo kwa sababu ya goti la mke wa mwanangu.

Kwetu Wanyakyusa, mwanamke aliyeolewa haonani na baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hasemi naye, hali chakula mbele ya macho yake. Wakikutana njiani yeye ndiye anayekwepa: anaingia migombani, anageuka, anajifunika kitenge mpaka mzee apite. Wachungaji walikwisha kutuambia kwamba hayo ni mambo ya kale, na ndani ya kanisa tuliwasikiliza. Tukitoka mlangoni tu, kila mtu alirudi kwenye heshima aliyofundishwa na mama yake. Mimi niliipenda desturi ile, sitaficha. Nilikuwa mtu wa kupenda kuheshimiwa.

Zamani haikuwa na taabu. Vijana walikuwa wakikua wanajenga kijiji chao mbali na baba zao, na mwanamke aliweza kumaliza mwezi mzima bila kuhangaika kumkwepa mkwewe. Kisha mwaka wa sabini na nne tukaambiwa tushuke kutoka milimani, tujenge kwa mistari kando ya barabara, tuwe kijiji cha ujamaa. Tukashuka. Bomba la maji tulipata na zahanati tulipata, siwezi kukufuru. Ila aliyepima viwanja alikuwa kijana wa mbali, akapima kwa kamba, na kamba haijui baba mkwe ni nani. Nyumba yangu ikawa ya nne, ya mwanangu Andongwisye ikawa ya saba, na njia ikawa moja tu: kutoka kwenye nyumba zetu, kupita bombani, hadi shamba la chai la ujamaa.

Andongwisye alioa mwaka huo huo, na hata mwezi haukuisha akaenda Mbeya kufanya kazi kwenye ujenzi wa reli. Mkewe, Elina, akabaki katika nyumba ya saba. Kwa hiyo nilikuwa na mkwe hatua hamsini kutoka mlangoni kwangu, nami sikumjua sura wala sauti. Nilijua ni mrefu kwa sababu mke wangu, Sekela, aliniambia. Sekela ndiye aliyekuwa akienda na kurudi kati yetu na habari, kama karani.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, mvua zikiwa zimeshika kweli kweli, Elina alipanda kule mlimani kwenye mahame yetu kukata ndizi, maana sisi tulihama lakini migomba haikuhama. Akiwa anashuka na mkungu kichwani aliteleza. Mguu mmoja ulizama kwenye tope, mwili ukageuka na mzigo wake, na goti likabaki pale pale. Vijana walimbeba kwa machela mpaka zahanati, goti limevimba kiasi cha boga.

Dresa, yaani mfunga vidonda wa zahanati, alikuwa Kasim, Mwislamu wa Tukuyu mjini, mtoto wa mfanyabiashara. Kijana mwembamba, mpole wa sauti, lakini akikwambia jambo la tiba humtingishi. Alimpaka dawa, akafunga goti kwa bendeji, kisha akatutafuta mimi na Sekela nje kwenye benchi.

"Mfupa ni mzima," alisema. "Kilichoumia ni kano, yaani zile kamba zinazolishika goti. Hazikukatika, zimevutwa mno. Wiki mbili za kwanza mguu upumzike juu ya mto. Wiki ya tatu aanze kuukunja kidogo kidogo akiwa kitandani. Wiki ya nne atembee na fimbo, mahali tambarare tu. Asibebe kitu, asipande mlima, asipige goti, asichuchumae. Wiki ya kumi na mbili, akiweza kuchuchumaa mpaka chini na kuinuka bila kushika kitu, hapo amepona. Kabla ya hapo hajapona, hata akiwaambia haumwi."

"Wiki kumi na mbili!" nilisema.

"Kumi na mbili, mzee wangu. Akiliharakisha atachechemea maisha yake yote."

Sasa ndugu msomaji, mimi nilikuwa nyapara. Kazi yangu ya miaka kumi na minane ilikuwa kuwatazama watu wanaosema wanaumwa na kukisia nani anaumwa kweli. Tulipofika nyumbani nilianza kunguruma. Nikasema maharage yanapandwa, yanachanua na kuliwa kabla goti hilo halijapona. Nikasema mwenyekiti Ackson ataniuliza kwa nini nyumba ya saba haina mtu shambani siku za zamu. Nikasema goti si mimba, mtu halilei miezi mitatu.

"Punguza sauti, baba Andongwisye," Sekela alisema.

"Niko nyumbani kwangu!"

Hayo ndiyo maneno yangu. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, kwa sababu nimekuwa nikiyabeba tangu siku ile.

Wiki ya tano, jioni moja, tulikuwa tunachuma chai kwenye shamba la ujamaa wingu likashuka. Niliondoka mapema kuliko wenzangu kwa sababu nilikuwa nimegombana na Ackson juu ya vikapu. Nilitembea haraka, kichwa chini, miguu pekupeku, na kwenye udongo ule uliolowa sikutoa hata mchakacho. Nikakata kona ya bomba.

Niliona kitenge cha njano, na fimbo ikiruka hewani. Basi. Upande ule wa njia kulikuwa na ukingo unaoshuka kwenye migomba, kimo cha mtu mmoja hivi. Elina, aliyekuwa akitembea polepole mahali tambarare kama alivyoagizwa, aliniona nimemtokea ghafla, akatupa fimbo na kujirusha chini ya ukingo ule ili asinitazame.

Kisha nikasikia ukelele. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia sauti ya mkwe wangu.

Nitawaambieni nilifanya nini. Niligeuka nikampa mgongo. Mtoto wa watu amelala kwenye tope hatua tano nyuma yangu, analia, na mimi nimesimama kama nguzo ya simu, natazama nyumba ya nne, naita, "Sekela! Sekela, njoo!" Mikono yangu miwili ilikuwa mizima. Mgongo wangu ulikuwa na nguvu za kubeba gunia. Lakini sikuweza kwenda, na kama ningeenda ningemuumiza vingine. Sekela alipofika alimkuta Elina amejifunika uso kwa kile kitenge cha njano, anatetemeka, lakini uso hakuufunua. Hata katika maumivu yale alikumbuka kuniheshimu.

Kasim alikuja mwenyewe nyumba ya saba asubuhi yake. Alipotoka alikuja kwangu, na ule upole wake hakuja nao.

"Nani alimwambia aruke?"

"Hakuna aliyemwambia," nilisema. "Alinikwepa. Ni heshima yetu."

"Basi heshima yenu imemrudisha mwanzo, tena nyuma ya mwanzo. Ile wiki ya kwanza inaanza leo. Mzee wangu, kwani wewe ni chui, hata mtu akikuona ajirushe korongoni?"

Mtu mwingine angeniambia hivyo ningemfukuza kwa fimbo. Huyu nilimwacha aseme.

"Tena sikiliza," aliendelea. "Kumfungia ndani hakufai. Goti lisipotembezwa linakauka kama ngozi iliyoachwa juani. Safari hii baada ya wiki nne lazima atembee kila siku, na hapa kwenu mahali tambarare ni njia hiyo moja. Sijui mtafanyaje. Ninachojua, akiumia mara ya tatu msiniite mimi, mtafuteni seremala amchongee magongo."

Usiku ule chakula kilinishinda. Nilimuuliza Sekela kwa nini mtoto alikuwa anatembea jioni, saa ambayo watu wanatoka shambani, badala ya mchana njia ikiwa tupu.

Sekela alichochea moto kwanza. "Mchana alikuwa ametembea tayari. Anatembea mara mbili. Anataka kupona upesi."

"Kwa nini upesi?"

"Alikusikia, baba Andongwisye. Ulivyosema goti si mimba. Nyumba zote za mstari huu zilikusikia."

Niliona aibu, na si ile aibu ya mbele za watu ambayo huisha ukipiga kelele. Hii ilikaa.

Nilikuwa na wiki nne za kufikiri. Ningeweza kumwambia Elina, kupitia kwa Sekela, kwamba nimemruhusu, asinikwepe tena. Nilimtuma Sekela aseme hivyo. Alirudi akitikisa kichwa. "Anasema ndaga fijo, amekushukuru sana. Lakini anasema mama yake akisikia atalia. Anasema hawezi." Nilimwelewa. Nikawaza kupita njia nyingine, lakini njia nyingine ilikuwa kuteremka bondeni na kupanda upande wa pili, na kwa siku mbili nilizojaribu magoti yangu mwenyewe yaliniuliza kama nina akili. Nikajaribu kukohoa kila baada ya hatua chache. Mvua ikipiga kwenye majani ya migomba, nani anasikia kikohozi? Matokeo yake ni kwamba jirani mmoja alikuja kumwambia Sekela nipelekwe hospitali, nisije nikawaambukiza kifua kikuu.

Ndipo nikaikumbuka kengele. Nilikuwa na ng'ombe mweusi, mkorofi, aliyekufa miaka mitatu kabla ya kuhama, na kengele yake ya chuma ilikuwa juu ya dari kwenye masizi. Niliishusha, nikaisugua kwa mchanga, nikaifunga kwenye kichwa cha fimbo yangu. Nilipotingisha fimbo, mbwa wa nyumba ya sita alibweka.

"Utatoka na hiyo?" Sekela aliuliza.

"Nitatoka nayo."

"Watu watacheka."

"Wacheke."

Lakini nilisema hivyo kwa sababu sikujua watacheka kiasi gani. Siku ya kwanza shamba zima lilisimama. Ackson, mwenyekiti wetu, alishika kiuno na kusema kwa sauti, "Jamani, ng'ombe wa Mzee Ambindwile amefufuka, tena amejifunza kuchuma chai!" Wanawake walijificha nyuma ya vikapu kwa kicheko. Watu niliowahi kuwafokea walinilipa siku ile, kila mmoja kwa zamu yake. Masikio yalinichoma. Nikachuma chai yangu, na jioni nikatingisha fimbo nikarudi nyumbani.

Ikawa hivi. Elina akiwa njiani akasikia kengele ikitokea upande wa bomba, alikuwa na muda wote wa kusogea. Hakuruka. Alitembea taratibu mpaka mahali palipo sawa kando ya nyumba ya tatu, akanipa mgongo akiwa amesimama na fimbo yake, nami nikapita nikitazama mbele. Nikifika mlangoni kwangu nilinyamazisha kengele kwa kushika ulimi wake, na hapo alijua njia imekuwa yake tena.

Sikumtazama hata mara moja, naapa. Lakini hakuna aliyenikataza kutazama chini. Udongo wetu unashika alama kuliko unga, na mvua zilikuwa bado nyingi. Mimi nilichunga ng'ombe utotoni, najua kusoma nyayo. Nilizitambua za Elina siku ya kwanza tu: unyayo wa kushoto umezama wote, wa kulia umegusa kwa vidole, na pembeni tundu la fimbo. Wayo mzito, tundu, wayo mwepesi. Wayo mzito, tundu, wayo mwepesi. Nilisimama peke yangu kwenye manyunyu nikizitazama.

Tangu hapo kila asubuhi nilitoka kabla ya watu kuzichafua alama za jioni. Wiki ya tano kisigino cha kulia kilianza kugusa ardhi. Wiki ya sita kuna siku kilipotea tena, nikakaa na wasiwasi mpaka Sekela akaniambia kulikuwa na baridi na goti lilikuwa linavuta, na kwamba Kasim amesema hiyo ni kawaida, kupona hakupandi kama ngazi. Wiki ya nane tundu la fimbo likawa jepesi, alama ya fimbo inayobebwa zaidi kuliko inayobeba. Wiki ya kumi lilikuwapo mara moja kwa kila hatua tano. Sekela alipokuja na habari zake nilikuwa tayari ninazo, akawa ananishangaa.

"Nani anakwambia?"

"Njia," nilijibu.

Kuna jambo nililifikiri sana siku zile. Miaka kumi na minane nilikuwa nimewaharakisha watu. Nilidhani mtu akisukumwa kila kitu chake kinasogea. Sasa nilikuwa natazama kitu kimoja tu, hatua ya mtoto mmoja, na hapakuwa na sauti yangu yoyote ambayo ingekifanya kisogee hata siku moja mbele. Nilichoweza ni kutokuwa kikwazo. Kwa mtu kama mimi hilo lilikuwa jambo gumu kulikubali, na wakati mwingine bado ni gumu.

Wiki ya kumi na moja tundu lilitoweka kabisa. Nilitaka kufurahi, nikayakumbuka maneno ya Kasim: mpaka achuchumae na kuinuka bila kushika kitu. Kutembea si kupona. Andongwisye alikuwa ameandika barua kutoka Mbeya akiuliza kama mkewe atakuwa kilema, nami nilikuwa sijaijibu. Ningemwandikia nini? Nyayo za mtu anayetembea haziwezi kukwambia kama goti linakunja.

Siku ya mwisho ya wiki ya kumi na mbili ilikuwa Jumamosi. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi ikakatika, na njia ilikuwa laini, haijakanyagwa. Nilitoka shambani na kengele yangu. Nilipokata kona ya bomba niliona kwa pembeni ya jicho kitenge cha njano kando ya nyumba ya tatu, mahali pake pa siku zote. Lakini kilikuwa chini. Kilikuwa chini karibu na ardhi, na hakikusogea.

Nilijua ameanguka. Nusura niite, nusura nigeuke nimtazame. Kisha nikasikia kwamba hakuna kilio. Nikatembea, macho mbele, kengele inalia, nikampita, nikafika mlangoni, nikashika ulimi wa kengele. Nyuma yangu nikasikia hatua za mtu anayekwenda zake. Hazikuwa na haraka wala hazikuchechemea.

Nilingoja ndani mpaka nikasikia mlango wa nyumba ya saba umefungwa. Ndipo nikarudi mpaka nyumba ya tatu.

Kwenye udongo kulikuwa na nyayo mbili, sambamba, zinatazama migombani. Zilikuwa zimezama sawa. Visigino vyote viwili vilikuwa vimekaa chini, vimechimba, kama vya mtu aliyekunja magoti mpaka mwisho na kukaa hapo mzee akipita. Nilitafuta tundu la fimbo. Halikuwapo. Nikainama nikatafuta alama ya kiganja, mahali ambapo mtu angejisukuma ainuke. Haikuwapo. Mbele ya nyayo zile mbili zilianza hatua za kawaida, kushoto na kulia, nzito sawa.

Alikuwa hawezi kunitazama wala kuniambia. Akaniandikia.

Nililia pale njiani, mzee mzima na kengele yake. Nilitazama huku na huku, hapakuwa na mtu. Kisha nikavuka nikasimama kando ya nyayo zake, nikaweka zangu sambamba, na mimi nikachuchumaa. Wakubwa wa ukoo wangu wangeona wangenipiga faini. Magoti yalilia kama mlango mkuukuu. Nikafika chini, nikakaa kidogo, nikataka kuinuka. Wapi! Nilijaribu mara ya kwanza, nikajaribu ya pili, na mwishowe nikachomeka fimbo kwenye tope kwa mikono miwili na kujivuta juu, kengele ikapiga kelele kijiji kizima kisikie.

Asubuhi yake, Jumapili, nilikuwa ndani navaa koti la kanisani. Nikasikia mtu anapita nje kuelekea bombani, hatua sawasawa. Hatua zikasimama kwenye nyumba ya tatu. Alikuwa anazisoma nyayo zangu kubwa kando ya zake, na pembeni yake lile tundu moja refu la fimbo.

Kisha nikasikia anacheka. Alicheka mpaka bombani. Ilikuwa mara yangu ya pili kusikia sauti ya mkwe wangu, nami nikakaa kitandani na koti bega moja, nikaisikiliza mpaka ilipoisha.